Kidole Kilichotangulia Nyumbani

Ambohitsoa, 9 Juni 1988

Mama Mdogo Sahondra mpendwa,

Naahidi kukueleza kila kitu katika barua hii, hata yale ambayo Mjomba Rabenja amesema niyaruke. Mwalimu wetu hufundisha kwamba habari mbaya ianze na hali ya mgonjwa, ndipo ifuate sababu. Basi: sijambo. Nakula, nalala, nacheka. Ila kidole changu kidogo cha mguu wa kushoto hakipo tena.

Ilikuwa hivi. Mpunga umekwisha kuvunwa, na mjomba alitaka bonde la chini lilimwe upesi tupande viazi. Nilichukua angady ya marehemu mama, lile jembe lenye mpini mrefu uliolainika, nikawa naiinua wima na kuishusha mbele ya miguu kama ulivyonifundisha. Huku nalima, huku nakariri mito ya kisiwa chetu kwa ajili ya mtihani. Nilipofika Mangoky, chuma kiligonga jiwe lililojificha topeni, kikateleza. Sikusikia maumivu. Nilisikia baridi tu. Nikatazama chini, nikaona kidole changu kimelala pembeni mwa mguu kama punje ya hindi iliyoanguka kutoka kwenye gunzi.

Mjomba akatupa angady yake, akaja mbio.

"Kaa chini! Usitazame!"

"Nimeshatazama, mjomba."

"Basi acha!"

Alinilaza kwenye tuta, akaweka mguu wangu begani mwake, akachukua shati lake safi alilokuwa amelitundika kwenye mti na kukandamiza kidonda. Hakuachia hata Bibi alipofika na majivu ya jikoni.

"Mama, rudisha majivu yako jikoni," alisema. "Majivu huleta pepopunda."

"Babu yako alipona kwa majivu."

"Babu yangu alikuwa na bahati. Huyu ana mtihani."

Basi Bibi akaacha kidonda, akashughulikia kidole. Alikiosha kwa maji yaliyochemshwa, akakifunga katika kipande cha kitambaa cheupe ili daktari akirudishe. Kisha, kwa kuwa yeye husema chai ya hospitali ni maji yaliyosikia habari za majani ya chai, akafunga na kipande cha tangawizi katika kitambaa kingine cheupe, tukanywee huko.

Nadhani umeshajua kilichotokea.

Gari la ng'ombe lilitupeleka hadi barabarani, na lori la viazi la Zozefa likatufikisha mjini. Daktari Rafalimanana alitazama mguu, akauliza, "Kidole mmekuja nacho?" Mjomba akatoa kifurushi, akampa kwa mikono miwili kama anayetoa mahari. Daktari akafungua. Akatazama. Akanusa.

"Bwana," akasema, "mgonjwa wako ana kidole chenye harufu nzuri sana."

Mama Mdogo, nililia kwa kucheka. Sista Odile alilazimika kunishika mguu. Mjomba akataka kurudi mbio nyumbani, lakini daktari akamzuia. Alisema hata kama kidole kingekuwa hapo, kisingeshonwa kikaishi: kilikuwa kimepondeka, na mishipa yake ya damu ni myembamba kuliko uzi. "Msijilaumu kwa ajili ya kifurushi," alisema. Akanichoma sindano ya ganzi, akasafisha tope lote, akapunguza ncha ya mfupa ili ngozi ipate kuufunika, akashona. Sista akanichoma sindano ya pepopunda na kunipa dawa za kumeza.

Na nyumbani, Bibi alikuwa amebandika maji ya chai. Akaona kifurushi kimoja kimesahaulika, akadhani ni cha tangawizi, akakifungua ili aikwangue. Anasema hakupiga kelele. Alikaa chini, akakitazama, akakiambia, "Karibu, mjukuu wangu."

Sasa kidole kiko katika chumvi, ndani ya kopo la biskuti, katika pembe ya wazee, ile ya kaskazini mashariki ya nyumba. Kitakaa hapo mpaka kaburi lifunguliwe mwezi wa Agosti, siku ya kuwavika wazee wetu sanda mpya. Mjomba alishauri tukizike bondeni tu. Bibi akamjibu, "Kinachopandwa bondeni ni viazi."

Lile jambo letu la shule ya juu huko kwenu sijamwambia Bibi. Nasubiri siku atakayokuwa na furaha.

Mwanao anayekupenda,
Mialy


Antananarivo, 17 Juni 1988

Mialy mwanangu,

Ungejua barua yako ilivyotukuta! Zozefa alimwambia muuza karoti kwamba umeumia mguu. Muuza karoti akamwambia jirani yangu kwamba umekatwa mguu. Jirani akaja kwangu akilia, akisema umekatwa gotini. Nikaiacha cherehani na gauni la watu limening'inia, nikalia hadi mume wa jirani akaja kuuliza nani amefariki. Na Baba Mdogo wako Harilala, unamjua, fundi viatu asiyeweza kukaa bila kazi, alitoka kimya kimya akaenda kuchagua mti wa kukuchongea mguu wa bandia. Umewekwa nyuma ya mlango. Nimemwambia sasa auchonge mwiko.

Sikiliza. Mguu uinuliwe kila unapokaa. Bandeji isilowe. Ukiona wekundu unaopanda, uvimbe, usaha au homa, mwambie mjomba akurudishe kwa Sista Odile siku hiyohiyo. Bibi akikaribia na majivu au tumbaku ya kutafuna, jifanye umelala.

Chumba kidogo nyuma ya cherehani ni chako. Nimekipaka chokaa. Kutoka hapo hadi shuleni ni ngazi tupu, maana mji huu ulijengwa na watu waliochukia tambarare, lakini mguu hujifunza. Mwambie Bibi mapema, mwanangu. Jambo likikaa sana moyoni huota mizizi.

Mimi mzima, ila siku hizi nachoka mapema na harufu ya mafuta ya cherehani inanichefua. Usijali.

Mama yako mdogo,
Sahondra


Ambohitsoa, 3 Julai 1988

Mama Mdogo mpendwa,

Nimejali. Umeenda hospitali? Mtu anayechefuliwa na harufu ya mashine aliyoitumia miaka yote anaumwa. Tafadhali usinifiche, nami sikufichi lolote.

Nyuzi zimetolewa. Kidonda kimefunga vizuri, na Sista Odile anasema ngozi ni safi kama ya mtoto. Mwanzoni nilikanyagia kisigino, sasa naweka unyayo wote. Amenifundisha kutembea nikiwa nimeshika ukuta, kisha bila ukuta, kisha nikiwa nimebeba ndoo. Anasema kidole kidogo husaidia mwili usiyumbe, lakini wenzake wataigawana kazi yake. Viatu vya kubana marufuku. Cha kushoto kiwe kipana na chenye kitu laini pale ubavuni.

Ila kuna jambo la ajabu. Kidole kisichokuwapo kinaniwasha! Nainama kukikuna, mkono unakuta hewa. Sista anasema ni kawaida: mishipa ya fahamu bado haijapata habari kwamba mwenzao ameondoka. Nilipomweleza Bibi hivyo akacheka. "Mishipa gani? Kuna kinachokisumbua." Akapanda kiti, akateremsha kopo, na Mama Mdogo, kweli, sisimizi walikuwa wamelizunguka kwa sababu ya sukari ya biskuti za zamani! Akawafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kuwashwa kukaisha jioni ileile. Nilimpelekea Sista habari hiyo. Akasema, "Mwambie Bibi yako aendelee na kazi njema."

Sasa lile la pili. Bibi alikuwa amefurahi kwa ushindi wake juu ya sisimizi, nikaona ndiyo siku yenyewe. Nikamwambia nikifaulu nataka kuja kwako kusoma, kwa kuwa hapa hakuna shule ya juu na mjini hatuna mtu wa kunipa malazi. Akakunja kitambaa. Akakunja tena, mpaka kikawa kidogo kama kiberiti.

"Kaburini mwetu kuna nafasi moja iliyo wazi," akasema. "Sitaki ya pili."

Nilijua anamtaja Mjomba Solofo, aliyekwenda pwani asirudi. Mtihani ni wiki ijayo, nami naendelea na mito. Mangoky sasa siisahau kamwe.

Mialy


Ambohitsoa, 11 Julai 1988

Sahondra binti yangu,

Mkono huu ni wa Mialy, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike bila kuongeza wala kupunguza.

(Kweli ameniambia hivyo. Mialy.)

Nilikupa mume fundi viatu nikidhani fundi viatu ni mtu wa kukaa. Kumbe anaishi karibu na stesheni, ukapanda treni ukaenda. Nikanyamaza. Sasa unamtaka na huyu. Mtoto aliyekatika kidole bondeni kwake, mbele ya macho ya mjomba wake, huko kwenye magari atakatika nini?

Kaka yako Solofo alikwenda pwani kuchuma karafuu. Alisema msimu mmoja. Hakuna aliyeniambia alikufa siku gani wala amelala wapi. Kila tunapofungua kaburi nawavika wote, nawapakata, nawapa habari za mwaka, kisha nafika kwenye kile kitanda cha jiwe ambacho hakijalaliwa na mtu, sijui niseme nini. Nimezeeka. Nikiondoka nataka kujua walio wangu watakuja kulala karibu nami.

Basi usitaje shule tena.

(Nimeliandika neno hili kama nilivyoambiwa, kwa mwandiko mzuri.)

Mwaka huu lete hariri mbili, si moja. Dada yako Bakoly, mama yake Mialy, anasikia baridi huko kaburini. Nimemwota akijifunika kwa mikono. Na umwambie mumeo asichonge miguu ya watu walio hai.

Mialy amemaliza mtihani. Anasema ulikuwa mwepesi. Mimi sijui kama ni kweli, kwa sababu anaposema hivyo hanitazami.

(Ulikuwa mwepesi, Mama Mdogo. Simtazami kwa sababu nyingine. Bibi ameuliza kwa nini ninaandika kirefu kuliko anavyosema. Nimemwambia ni alama za vituo.)

Mama yako,
Razanamary


Antananarivo, 25 Julai 1988

Mama yangu mpendwa,

(Mialy, msomee Bibi kwa sauti.)

Nimekusikia. Kuhusu shule sitakuandikia neno lingine.

Hariri zote mbili nimezituma kwa Zozefa, zimefungwa kwenye gunia jipya. Ile yenye mistari ya zambarau ni ya dada Bakoly. Lakini mimi mwenyewe sitakuja mwaka huu, Mama, usikasirike. Nimebeba mzigo ambao kwa desturi yetu haukaribii mlango wa kaburi. Utapokelewa karibu na Krismasi. Ndiyo, Mama. Baada ya miaka yote hii. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kukupa furaha kisha nikunyang'anye. Mkunga anasema sasa ninaweza kusema.

Mpakate dada kwa niaba yangu.

Sahondra


(Mialy, kikaratasi hiki usikisome kwa sauti.

Nimesema sitamwandikia neno kuhusu shule, na neno langu nitalishika. Ila lazima ujue kwamba nilikwisha kusema na mwalimu mkuu tangu Mei, na jina lako limeandikwa. Wanafungua Oktoba. Kama haitawezekana, jina litafutwa, hakuna aliyekosewa. Usibishane na Bibi. Mama yangu hajapata kushindwa na mtu. Hushindwa na yeye mwenyewe tu, na hiyo huchukua muda. Harilala anaomba mchoro wa nyayo zako zote mbili kwenye karatasi ili akushonee viatu. Nimemwambia tusiutake mpaka Bibi mwenyewe aseme ndiyo. S.)


Ambohitsoa, 30 Agosti 1988

Mama Mdogo mpendwa, wewe na uliyembeba,

Naanza tena kwa utaratibu wa mwalimu. Hali za wagonjwa: hakuna mgonjwa. Nimefaulu! Mwalimu alikuja mwenyewe kwa baiskeli kutuambia, akanywa chai ya Bibi vikombe vitatu. Nilipomsomea Bibi barua yako, nikafika pale pa Krismasi, alisimama, akakaa, akasimama tena, akatoka nje akawaambia kuku. Mjomba akauliza, "Mama, unaongea na nani?" Akasema, "Na wenye akili."

Kikaratasi sikukisoma kwa sauti. Nilikiweka ndani ya soksi ya kushoto, pale penye nafasi.

Sasa siku yenyewe. Mjuzi wa nyota alituchagulia siku njema, na jua lilikuwa jeupe, baridi kidogo. Wapiga filimbi walikuja na ngoma kubwa mbili, ndugu wa pande zote wakajaa kilimani, na wali wa nyama ya nguruwe ulinona hadi mikono ikateleza. Mjomba na wenzake wakafungua mlango wa kaburi. Babu akatoka kwanza, kisha mama yake, kisha mama yangu.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka. Wakamlaza mama mapajani mwake. Akamfunika kwa ile hariri ya zambarau, akamweleza habari zako zote, mimba, mkunga, hata ule mwiko wa Baba Mdogo uliotoka kwenye mguu wangu wa bandia. Watu walicheka, na yeye akacheka. Halafu akaniita.

"Mialy, mlete mwenzako."

Nikaleta kopo. Kilikuwa kimekauka, kidogo sana, cheusi kidogo. Hakikunitisha. Bibi akakifunga katika kipande cha hariri alichokikata ukingoni, akakiingiza kwenye sanda ya mama, upande wa miguu.

"Bakoly," akasema, "mshikie mwanao hiki. Mwenyewe bado ana shughuli."

Mama Mdogo, nilikuwa na miaka minne mama alipofariki. Sikumbuki mikono yake. Lakini tulipombeba mabegani na kuzunguka kaburi tukicheza, nilijua ameshika kitu changu. Nilicheza mbele, upande wa kushoto, na mguu haukuniuma hata kidogo. Mjomba alikuwa akipiga kelele juu ya filimbi zote, "Angalieni! Mwenye vidole tisa anawashinda wenye kumi!" Shangazi mmoja wa kule mtoni akamjibu, "Wewe unavyo kumi na bado unacheza kama mtu aliyekanyaga makaa!"

Kabla ya kufunga mlango, Bibi aliingia hadi penye kile kitanda cha jiwe cha Mjomba Solofo, kama afanyavyo siku zote. Safari hii alikaa sana. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, akachukua sahani ya wali, akaanza kula. Alikula nusu nzima.

"Anayekwenda mbali," akasema mwishowe, "hubeba udongo wa kwao ili akumbuke njia."

"Ndiyo, Bibi."

"Solofo nilimfungia udongo. Akaenda nao. Akapotea na udongo wangu." Akatafuna. "Nimekosea upande, maisha yangu yote. Mtu asibebe kitu cha nyumbani. Aache kitu chake nyumbani, tupate cha kumwitia. Wewe umeacha mfupa. Ukienda mashariki, ukienda magharibi, mguu wako umeshafika. Mwili uliobaki utaufuata, ukiwa kikongwe kama mimi."

Moyo ulinipiga kuliko ngoma. "Bibi, maana yake naweza kwenda?"

"Maana yake usiniulize maswali nikiwa na mfupa wa nguruwe mdomoni."

Akatoa mfupa.

"Nenda," akasema. "Sahondra atahitaji mtu wa kumshikia mtoto anaposhona. Na ukirudi likizo bila kupita hapa kumsalimu mama yako, nitajua. Nina mtu wa kuniambia."

Mjomba, ambaye alikuwa akijifanya anakaza jiwe la mlango, akaanza kupiga mluzi.

Kidole bado huwasha mara mojamoja. Sista Odile anasema mishipa ya fahamu itatulia polepole, nami namwamini. Bibi anasema ni mama anakitekenya. Namwamini na yeye.

Baada ya Bibi kusema niende, ndipo nilipomwonyesha kikaratasi chako. Hakukasirika. Alisema, "Tangu Mei? Huyo kweli ni binti yangu." Akaleta karatasi na penseli, akaniamuru nisimame juu yake, akachora nyayo zangu yeye mwenyewe huku akipumua kwa nguvu. Mchoro umo ndani ya bahasha hii. Utaona kwamba mguu wa kushoto ameuchora na vidole vitano. Nilimwambia, "Bibi, hicho cha mwisho hakipo." Akaendelea kukizungushia penseli taratibu, hadi kucha. "Kipo," akasema. "Kipo nyumbani."

Lori la Zozefa linarudi huku Jumatatu, na tafadhali nijibu kwa safari hiyohiyo, kwa sababu Bibi ananiuliza kila asubuhi: je, Baba Mdogo Harilala atakishona kiatu cha kushoto kwa kufuata mguu wangu, au kwa kufuata mchoro wa Bibi?

Mwanao,
Mialy